Mafunjo si Magugu

Wako watu wanaofyeka mafunjo nyuma ya nyumba zao, halafu wanakwenda kununua ua la kigeni walipande mahali pale pale. Wakiulizwa sababu, hujibu: «Mafunjo ni kitu cha porini, tena ni nyumba ya mbu.» Maneno hayo sisi tunayakataa.

Kwanza, habari ya mbu. Huko Kabale, katika milima ya Uganda, wataalamu walilinganisha vijiji vilivyo karibu na mabonde ya mafunjo na vijiji ambako mabonde yalikaushwa yakalimwa. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2000: palipolimwa joto lilizidi, na dalili za malaria zilielekea kuwa juu zaidi. Mbu aletaye malaria hupenda kidimbwi kinachopigwa na jua. Basi anayeondoa kivuli cha mafunjo na kuacha vidimbwi wazi, huyo ndiye anayemkaribisha mbu.

Pili, habari ya ua la kigeni. Gugu la maji, lenye maua mazuri ya zambarau, asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu walilichukua huku na huku duniani kwa ajili ya uzuri wake. Katika miaka ya 1950 lilienea katika mto Kongo hata likasumbua mashua, na watu wa mtoni wakaliita «Kongo ya sika». Je, hatujafundishika? Mafunjo ni mwenyeji wetu. Kando ya maziwa ya Upemba na Kisale yamesimama tangu zamani, na samaki na ndege hupata maficho humo.

Tatu, nani asemaye kwamba hayana faida? Wamisri wa kale waliyafanya karatasi. Hata neno la Kifaransa «papier» limetoka katika jina lake. Wazee wetu walipata humo mikeka, vikapu na kamba. Na huko Kampala, mafunjo ya bonde la Nakivubo yamesaidia miaka mingi kuchuja maji machafu ya mji kabla hayajafika Ziwa Victoria.

Kuyapanda si kazi ngumu. Chimbeni kipande cha shina la chini chenye chipukizi, mkipande katika potopoto, mahali penye jua na maji yasiyokauka. Kipande kimoja chatosha; msiharibu bonde kwa ajili ya bustani. Mwenye nafasi ndogo atumie beseni lisilotoboka, maana mafunjo huweza kufika meta 4, na mashina yake ya chini hutambaa. Beseni alijaze udongo mpaka juu, maji yasisimame wazi.

Mwacha asili ni mtumwa. Tukidharau jani la mabonde yetu kwa sababu tu ni letu, tusishangae siku tutakapokosa jani, na maji safi pia.