Somo la Dawa Lifike Nyumbani

Vijana wetu wa Nyakahanga wajaaliwao kusomea udaktari, Bugando au Muhimbili, hufundishwa famakolojia: dawa huingiaje mwilini, hutenda nini, na kwa nini ugonjwa huizoea. Mfano wa hili la mwisho hauko mbali. Klorokwini iliachwa mwaka 2001. Na utafiti wa mwaka 2022 hapa hapa Karagwe umekuta vimelea vya malaria vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, nguzo ya dawa mseto. Dawa hiyo ingali inaponya. Lakini majumbani mwetu, homa ikishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki huwekwa kumsubiri mgonjwa mwingine! Basi mwanafunzi akirudi likizo, inshaallah tutampa nafasi baada ya Swala ya Alasiri awaeleze wazazi, kwa Kinyambo, kwa nini humezwa mara sita kwa siku tatu.