Bunduki Kuukuu: Usalama Utangulie Mng'aro

Huko Marekani na Ubelgiji wapo watu wengi wanaonunua bunduki kuukuu za marisau, zile zinazojijaza risasi zenyewe, wakazifufua. Kazi hiyo ina heshima yake, kwani chombo kilichoundwa kwa ustadi hakistahili kutupwa. Lakini wengi huanza na msasa na rangi kabla ya kuelewa chombo kinavyofanya kazi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mfano ulio wazi ni Auto-5, iliyobuniwa na John Browning wa Utah. Kampuni ya Winchester ilikataa kumlipa fungu kwa kila bunduki itakayouzwa, naye akakataa kuuza jasho lake kwa malipo ya mara moja. Alikwenda Ubelgiji, kwenye kiwanda cha Fabrique Nationale huko Herstal, na bunduki ikaanza kutengenezwa mwaka 1902. Uundaji wake ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Hivyo bunduki nyingi zinazouzwa leo zimekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa, wenye ujuzi na wasio nao.

Risasi inapolipuka, mtutu na kifungio cha chemba hurudi nyuma pamoja. Kishindo chake hupunguzwa na springi na pete za msuguano zilizovishwa kwenye mrija wa risasi. Pete hizo hupangwa namna moja kwa risasi nyepesi na namna nyingine kwa risasi nzito. Zikikosewa, chuma hugonga chuma na mbao ya mbele hupasuka. Basi mnunuzi aonapo ufa asikimbilie gundi. Achunguze pete kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuuziba bila kuondoa chanzo chake ni kujidanganya.

Ipo hatari kubwa zaidi. Auto-5 za zamani za geji 16 zilichongewa chemba ya risasi za milimita 65. Risasi za leo za milimita 70 huweza kuingia humo, lakini ganda linapofunguka hukosa nafasi na shinikizo hupanda. Kuingia kwa risasi si ushahidi kwamba inafaa.

Wako wasemao kwamba kumlipa fundi wa bunduki kunaondoa faida ya kununua kitu cha bei nafuu. Hoja hiyo haina uzito. Gharama ya ukaguzi ni sehemu ya bei, na asiyeweza kuilipa bado hajaweza kununua bunduki. Isitoshe, anayeing'arisha kupita kiasi hufuta alama za kiwandani. Na kufuta namba ya bunduki ni kosa la jinai nchini Marekani.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bunduki hizi hurithiwa. Mtoto atakayeikamata kesho hatajua kilichofichwa chini ya rangi. Kwa hiyo hapana budi kila muuzaji aeleze wazi hali ya chemba, pete na springi, na kila mnunuzi akatae kufyatua hata risasi moja kabla fundi hajaikagua.