Ziara za shule zianze karibu na nyumbani

Ni desturi katika shule zetu nyingi kwamba linapotajwa neno ziara, mawazo ya walimu, wazazi na wanafunzi hukimbilia Maasai Mara, Nakuru au Mombasa. Basi huoshwa, fedha hukusanywa, na wale ambao wazazi wao hawakumudu mchango hubaki shuleni wakifyeka nyasi. Kwa maoni yangu, desturi hii imetupotezea mengi, na mimi mwenyewe ni miongoni mwa waliokosea.

Miaka michache iliyopita nilihamishwa kutoka Machakos nikapelekwa kufundisha katika shule moja ya Trans-Nzoia. Muhula ule darasa langu lilizuru Mara. Tulisafiri kutwa nzima, na kesho yake tukawaona simba watatu wamelala chini ya mti, wanafunzi wakisukumana madirishani ili wapate kuchungulia. Tuliporejea niliwapa wote insha, waliokwenda na waliobaki: "Mnyama niliyemwona."

Msichana mmoja aliyekuwa amebaki aliandika habari za mnyama wa jamii ya swala, mwenye manyoya marefu, ambaye akishtuka hujitosa majini akasaza pua tu. Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni: "Usibuni." Saa ya mapumziko alikuja akasimama mlangoni pa chumba cha walimu. "Samahani, mwalimu," alisema, "sikubuni. Huyo ni nzohe. Yuko Saiwa, karibu na kwetu."

Jumamosi iliyofuata nilidamka nikaenda. Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe hao, haiko mbali na mji wa Kitale. Ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, kwani eneo lake halifiki kilomita tatu za mraba. Magari hayaingii, mgeni hutembea kwa miguu katika vijia vya msituni, kisha hupanda jukwaa la mbao akasubiri kimya. Nilisubiri karibu saa nzima. Hatimaye matete yalitikisika, na nzohe akatokea, akitembea juu ya matope kama anayetembea sakafuni. Niliona haya.

Hebu mwalimu wa sayansi afikirie somo lililoko pale. Kwato za nzohe ni ndefu na hutanuka, ndiyo maana hazizami matopeni. Manyoya yake yana mafuta yanayozuia maji. Mwanafunzi akiliona hilo kwa macho yake, hahitaji kukaririshwa maana ya mnyama kuyazoea mazingira yake. Katika miti ya kando kuna tumbili wa De Brazza wenye ndevu nyeupe, na kinamasini huzaliana korongo taji. Mwalimu wa jiografia naye ataonyesha jinsi kinamasi kinavyoyapokea maji ya mvua, kikayachuja na kuyaachilia polepole.

Lakini liko jambo zito zaidi. Saiwa imezungukwa na mashamba pande zote. Udongo unaomomonyoka mashambani, pamoja na mbolea na dawa za kunyunyizia mimea, huteremka na maji hadi kinamasini. Ua hauwezi kuzuia maji yasiingie, na askari wa wanyamapori hawezi kumkamata mtu kwa kulima hadi ukingoni mwa kijito kilicho mbali na mpaka wa hifadhi. Uhai wa nzohe umo mikononi mwa wakulima wa jirani, na watoto wa wakulima hao ndio tunaowapakia basini kila mwaka kwenda kuwatazama simba wa mbali. Je, mtoto atakihifadhi vipi kitu ambacho hata mwalimu wake hakijui?

Wako watakaosema kwamba kila mtoto wa Kenya ana haki ya kumwona simba na ndovu. Nakubali. Wala sisemi Mara ifutwe katika ratiba za shule. Ninalopinga ni kuifanya safari moja ya gharama kubwa kuwa ndiyo elimu yote ya maumbile, ilhali nusu ya darasa haikwenda. Ziara ya asubuhi moja, mahali palipo karibu, huweza kurudiwa wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, wanafunzi wakalinganisha waliyoyaona.

Wala Trans-Nzoia si peke yake. Walimu wa Kilifi wana msitu wa Arabuko-Sokoke, anamoishi sengi mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Walimu wa magharibi wana msitu wa mvua wa Kakamega, wenye ndege na miti ya jamii za misitu ya Kongo. Wa Nairobi wana Karura, msitu ambao Profesa Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka 1999. Na palipokosekana msitu, hapakosekani kijito wala kilima.

Ningependa kutoa rai kwa walimu wenzangu. Kwanza, mwalimu atangulie peke yake kabla ya kulipeleka darasa, ili asiaibike kama nilivyoaibika mimi. Pili, darasa zima liende, asibaki mtoto kwa ajili ya fedha. Hivyo mchango uwe ule ambao mzazi maskini kuliko wote ataumudu. Tatu, wanafunzi waende na daftari, wafuate maagizo ya askari wa hifadhi, na wasiache taka nyuma yao. Na nanyi wanafunzi, msingoje basi. Waulizeni wazee wenu majina ya ndege na miti ya kwenu, mje mtufundishe.

Yule msichana nilimrudishia alama zake mbele ya darasa, nikamwomba radhi. Mwezi uliofuata tulikwenda Saiwa sote, wanafunzi 43, na yeye ndiye aliyetuonyesha jukwaa la kupanda.