Mtoto wa Shamba Aulizwe Mwenyewe

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Visiwa vyetu, kutoka watu 1,303,569 wa mwaka 2012. Sehemu kubwa ya watu hao ni watoto na vijana, na wengi wao wanaishi shamba. Idadi yao, basi, tunaijua. Lililobaki ni kuyajua maisha yao, na hapo ndipo penye upungufu tunaotaka kuuzungumzia leo.

Ilivyo desturi, mtafiti akifika kijijini huonana kwanza na Sheha, kisha huingia nyumbani na kumwuliza mkuu wa kaya. Mzee hujibu kwa heshima kwamba watoto wote wanasoma. Hasemi uwongo, kwani majina yao yamo katika daftari la skuli. Lakini kuwamo daftarini si kuwamo darasani.

Tutoe mfano wa ukulima wa mwani, uliopata nguvu katika pwani ya mashariki ya Unguja tangu mwaka 1989. Kazi hiyo hufuata mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali, na mama huhitaji kila mkono wa kumsaidia kufunga na kuvuna. Mtafiti anayefika siku za maji mafu atamkuta mtoto ameketi darasani, naye ataandika kuwa mambo ni shwari. Kisiwani Pemba, hali ya mwezi ambao mikarafuu haina kitu haiwezi kuwa kipimo cha hali ya msimu wa kuchuma. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hatusemi kuwa kila kazi ya mtoto ni uonevu. Wengi wetu tulijifunza baharini na kondeni yale ambayo hayamo vitabuni. Lakini iko kazi inayomfunza mtoto, na iko kazi inayomnyima masomo au kumhatarisha maisha, kama vile kumpandisha juu ya mkarafuu mrefu. Mpaka baina ya kazi hizo mbili hauwezi kuwekwa kwa kukisia ofisini.

Kwamba vijana wakiulizwa hujibu, hilo si jambo la kubahatisha. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, Zanzibar ikiwa ndani yake, na walioulizwa ni vijana wenyewe wa miaka 13 hadi 24. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2011, yalidhihirisha mambo ambayo wazee wengi hawakuyajua au hawakupenda kuyataja. Mwaka huo huo wa 2011 Zanzibar ilipata Sheria yake ya Watoto.

Kwa hivyo tunawaomba wahusika, katika Serikali na katika vyuo vyetu vikuu, wazingatie mambo matatu. Kwanza, utafiti wa maisha ya shamba ufuate mzunguko wa mwaka mzima, bamvua na maji mafu, msimu na baada ya msimu. Pili, mtoto aulizwe mwenyewe kwa lugha yake, kwa ridhaa yake na ya wazazi wake, pasipo Sheha wala mwalimu kusimama mlangoni. Siri yake ilindwe, na akihitaji msaada aupate. Mtoto anayehofia kuwa jibu lake litamfikisha baba yake kituo cha polisi hatasema kweli, na hatuwezi kumlaumu. Tatu, matokeo yarudishwe kijijini na yasomwe kwa Kiswahili mbele ya waliotoa majibu. Ripoti iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni na kufungiwa kabatini haimfai aliyeulizwa.

Kwa wazazi nao tuna neno. Anayekuja na dodoso asipokewe kama mpelelezi. Tukimficha hali ya watoto wetu, tusishangae mipango inapopangwa kana kwamba watoto hao hawana shida.

Kuna gharama katika haya yote, nasi hatulikatai hilo. Lakini skuli iliyojengwa pasipo kujulikana kwa nini viti vyake huwa vitupu kila bamvua ni gharama kubwa zaidi, na anayeilipa ni mtoto.