Huko si Kumzoesha Kazi, ni Kumdhulumu

Bi harusi tunamkalisha na somo wake, akafundwa kukaa na mume, na mama mkwe, na mawifi. Kukaa na ofisi ya walimu hafundwi na mtu. Na wapo ndugu zetu wa Tanga ambao fungate likisha tu wanarudi kituoni, Handeni au Korogwe, mume kabaki mjini au huku visiwani. Kinachowavunja si ndoa, ni walimu wenzao.

Tuseme wazi. Mgeni anabandikwa vipindi vilivyokimbiwa na wenyeji, na zamu zake haziishi. Akiingia ofisini mazungumzo yanakatika. Kwenye grupu la WhatsApp anapigwa vijembe bila ya kutajwa jina, na kila mtu anajua ni yeye. Akichelewa kushika mimba anaulizwa mbele za watu. Akishika, anaambiwa amekuja kuzaa, hakuja kufundisha. Na tusifichane: wengi wa tunaowasikia wakifanya haya ni wanawake. Wenyewe wanaita kumzoesha kazi.

Kwa nini asiondoke? Mwalimu wa serikali haachi kituo kama anavyoacha kibarua. Maombi ya uhamisho yanapitia kwa mkuu wa skuli, na mara nyingine huyo mwenye kalamu ndiye huyo huyo anayecheka pamoja nao. Ukiwa kijijini, hao ndio majirani pia. Utakutana nao hata kwenye foleni ya maji, na maji ya Handeni kila mtu anajua yanavyosakwa.

Mwili nao unasema. Usingizi unapaa, tumbo linasokota kila Jumapili jioni, presha inapanda kwa msichana ambaye hajafika hata miaka 30. Akija likizo ni mkali; mume anadhani amemchoka, mawifi wanasema ana kiburi. Wengine wanapelekwa kusomewa wakidhaniwa wana jini. (Ruqya ni kheri, lakini haibadilishi ratiba ya vipindi.)

Nasi tunamjibu nini? "Subiri mwanangu, ndiyo kazi." Hapana. Subira haijawa ruhusa ya kudhulumiwa. Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana, kisha inawataja wanawake peke yao, na inakataza kupeana majina mabaya. Aya inayofuata inafananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Sasa mtu anatoka kuswali Adhuhuri, mswala haujakunjwa vizuri, keshaanza kumla mwenzake.

Na sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mzazi likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Si hisani ya mwalimu mkuu wala si uvivu. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ina ofisi zake wilayani. Chama cha Walimu nacho kinamkata mwanachama asilimia 2 ya mshahara, basi kikatumike. Hata Geneva mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini, kwa hiyo asikwambie mtu kuwa haya ni mambo ya wanawake kununiana.

Kwa hiyo mama, shangazi, binti akipiga simu analia, usimnyamazishe. Mwambie aandike tarehe, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, ahifadhi ujumbe wa grupu, kisha apeleke barua na abaki na nakala.

Nawe dada mkubwa wa ofisi unayesoma haya, yule mgeni wiki ijayo anaanza zamu ya tatu mfululizo. Mpokee hiyo moja.