Mbona Hamwataji Wale Ishirini?

Katika tungo zetu za kusifu mambo ya kale, ni nadra kumkuta mfalme wa pwani aliyepambwa kama Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Nami simnyimi haki yake. Ndiye mwenye Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya 100 lililoikabili bahari, na birika lake la pembe nane. Ndiye aliyepiga sarafu ambazo maandishi ya uso mmoja yanapatana vina na ya uso wa pili. Na ni mshairi gani asiyemwonea fahari mfalme atiaye vina hata katika fedha yake? Lakabu yake ilikuwa Abu al-Mawahib. Sisi wenye neno “hiba” hatuhitaji kamusi: ni Baba wa Hiba.

Ugomvi wangu ni juu ya hizo hiba.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaacha kisa ambacho malenga wetu hawachoki kukirudia. Fakiri wa Kiyemeni alimkabili Sultani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyokisifu kitendo kile, akaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Miaka kadhaa iliyopita niliifasiri habari hii kwa ajili ya kijitabu cha vijana. Aliyenipa kazi, ambaye simtaji, aliirudisha: “watumwa” wawe “watumishi”, ama sentensi iondolewe. Nilikataa. Kijitabu kikatoka bila ya jina langu, na fakiri wa humo akaondoka na pembe za ndovu tu. Watu ishirini walifutwa kwa mpigo mmoja wa kalamu.

Tangu hapo nimezisikia hoja tatu. Ya kwanza ni ya washairi: eti neno halikai vizuri katika ubeti. La hasha! “Watumwa” ni mizani tatu. Katika kipande cha mizani nane linakaa raha mustarehe. Kinachokosekana si nafasi.

Ya pili: zama zile zilikuwa hivyo. Naam, na ndiyo maana msafiri aliyataja bila ya kuona haya, kama alivyotaja kuwa Sultani akizivamia mara kwa mara nchi za Zanj na kuitenga khumsi ya ngawira. Mimi simshitaki marehemu. Nawashitaki walio hai, wanaoficha lile ambalo wa zama zile hawakulificha.

Ya tatu ndiyo nzito, nami siifanyii mzaha: kwamba visiwani petu jeraha la utumwa limefanywa silaha ya siasa, na atakayeligusa atawasha fitina. Lakini ni nani ampaye mchochezi silaha, asemaye ukweli wote kwa kituo, au amwachiaye aje kuufichua nusu nusu, kwa kelele? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kijana atakayekisoma kisa hiki kwengine, akawakuta wale ishirini, hatakuwa na haja ya kutuamini tena, hata tutakapomwambia ya kweli kuhusu kasri na sarafu.

Ukarimu wa Sultani tuusifu. Alivua nguo yake mwenyewe, na hilo si haba. Lakini nguo ilikuwa yake. Wale ishirini walikuwa na mama zao.

Sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana hata katika magofu ya Great Zimbabwe. Jina lake limekwenda mbali, wala halihitaji msaada wetu. Wale ishirini hawana jina popote. Wamebakiwa na neno moja tu la kuwashuhudia, na neno hilo ni “watumwa”. Mfasiri anayeliondoa hilo amewauza mara ya pili.