Kerneli Haijui Isichoambiwa

Yadaiwa kwamba kila kazi ipelekwayo kwa chipu ya michoro katika Linux haina budi kuandamana na orodha ya bafa zake zote, yaani sehemu za kumbukumbu inazozitumia, ili kerneli yenyewe ihukumu kazi ipi ingoje ipi, maadamu waandishi wa programu hukosea. Hukosea, naam, lakini kerneli itahukumu kwa ilimu gani? Tangu Vulkan, kiolesura cha kuiamrisha chipu ya michoro, ilipotoka mwaka 2016, programu yaweza kuiwekea chipu maelfu ya bafa, na bafa ya kusomwa ikachaguliwa kazi ikiwa imekwisha anza. Basi kerneli, isiyouona uchaguzi huo, hulazimika kudhani zote zatumika, na kazi mbili zisizohusiana abadani zikangojana bure. Huo si usalama, ni ujinga uliopewa mamlaka. Ajuaye tartibu ni programu: na itaje yenyewe ishara za kungojewa. Ama hoja ya kwamba kasoro ya mpango huo wa orodha itarekebishwa baadaye, haina msingi: katika Linux, kiolesura kilichokwisha tegemewa na programu hakivunjwi.